Kiingereza cha Bwenini na Kiingereza cha Darasani: Msaada wa Lugha kwa Wanafunzi wa Kigeni katika Shule za Matayarisho za Marekani

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia umewashughulisha wataalamu wa lugha katika Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi, na aghalabu umekuwa mjadala kuhusu umma, yaani mamilioni ya watoto wanaosomeshwa kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwao. Makala haya yanaelekea upande mwingine, penye wanafunzi wachache na fedha nyingi. Yanakusudia kueleza jinsi wanafunzi wa kigeni wanavyosaidiwa kujifunza Kiingereza katika shule za matayarisho za Marekani, na kwa nini msaada huo mara nyingi hukoma mapema mno. Uwanja huo umechaguliwa kwa sababu moja: huko taabu nyingine nyingi za shule zimeondolewa. Darasa huweza kuwa na wanafunzi kumi na wawili badala ya sitini; vitabu vipo; walimu wamesoma; kitanda na chakula si jambo la kutilia shaka. Linalobaki ni suala la lugha, nalo laonekana waziwazi kuliko mahali ambapo limechanganyika na njaa, uhaba wa madawati na urefu wa njia ya kwenda shuleni.

Jina lenyewe lahitaji maelezo, kwani hutumiwa kwa maana mbili. Katika Uingereza shule ya matayarisho ni ya watoto wa umri wa miaka 8 hadi 13 hivi, wanaotayarishwa kuingia shule za sekondari za kulipia. Mtindo huo ndio ulioletwa Kenya na walowezi. Katika Marekani shule ya matayarisho ni sekondari yenyewe, nayo humtayarisha kijana wa miaka 14 hadi 18 kuingia chuo kikuu. Nyingi za zile mashuhuri ni za bweni, na baadhi yake ni kongwe sana: Phillips Academy ya mji wa Andover, Massachusetts, ilianzishwa mwaka 1778, na Phillips Exeter Academy ya New Hampshire mwaka 1781. Maana hii ya pili ndiyo inayohusika hapa.

Wanafunzi wa kigeni si jambo jipya katika shule hizo. Yung Wing, kijana kutoka China, alifika Marekani mwaka 1847 akaingia Monson Academy huko Massachusetts, kisha akahitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1854. Joseph Hardy Neesima aliyetoroka Japani alifika Boston mwaka 1865 akasoma Andover. Baadaye, mwaka 1875, alianzisha huko Kyoto shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Doshisha. Kati ya 1872 na 1875 serikali ya China ilipeleka wavulana 120 katika mafungu manne ya thelathini thelathini, kwa juhudi za Yung Wing mwenyewe, hadi walipoitwa warudi mwaka 1881. Utaratibu wao wafaa kukumbukwa. Hawakutupwa moja kwa moja darasani. Waligawanywa wakakaa katika nyumba za familia za New England, wakajifunza Kiingereza mezani na jikoni, ndipo baadaye wakapelekwa shuleni. Wengi wao walikuwa watoto wadogo, na serikali yao ilikusudia wakae miaka kumi na tano. Walipewa kile ambacho mwanafunzi wa leo hana, nacho ni muda.

Leo mambo ni mengine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ilimwekea mipaka mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo: katika sekondari ya serikali hawezi kukaa zaidi ya miezi 12, na hana budi kulipa gharama kamili za masomo yake. Shule za kibinafsi hazikuwekewa mpaka huo. Kwa hiyo mzazi wa Seoul, Shanghai, Lagos au Nairobi anayetaka mwanawe amalize sekondari huko kwa viza hiyo hana mlango mwingine ila shule ya kulipia. Tena kuna jambo la pili la kisheria. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotoka San Francisco, iliamua kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza vitabu na mwalimu sawa na wenzake si kumtendea usawa. Hukumu hiyo ilizifunga shule zinazopokea fedha za serikali kuu. Shule ya kibinafsi isiyopokea fedha hizo hujipangia yenyewe, na ndiyo maana msaada wa lugha hutofautiana mno toka shule hadi shule: hapa idara nzima yenye walimu waliobobea, pale mwalimu mmoja wa saa chache katika chumba kilicho nyuma ya maktaba.

Lugha mbili katika lugha moja

Mwaka 1979 Jim Cummins, mtaalamu mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Kanada, alitenga aina mbili za umilisi wa lugha. Ya kwanza ni ile ya mazungumzo ya kila siku, ambamo maana husaidiwa na sura ya msemaji, na vitu vilivyopo, na uwezekano wa kuuliza tena. Ya pili ni lugha ya kitaaluma, ambamo maana yote haina budi kubebwa na maneno yenyewe. Kijana mgeni hupata ile ya kwanza kwa miaka miwili hivi. Ile ya pili humchukua miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake waliozaliwa katika lugha hiyo.

Tofauti hii haikuzuliwa kwa ajili ya nadharia tu. Cummins alichunguza taarifa zaidi ya 400 za walimu na wanasaikolojia wa Kanada kuhusu watoto wa wahamiaji waliopelekwa kupimwa akili. Mara kwa mara alikuta hoja ile ile: mtoto azungumza Kiingereza vizuri, ashindwa mtihani, basi upungufu hauko katika lugha bali katika akili yake. Ufasaha wa uwanjani ukawa ushahidi dhidi ya mtoto. Hapa ndipo penye hatari ya shule za matayarisho pia. Mwanafunzi aliyekuwa kimya mwaka wa kwanza, mwaka wa pili huonekana bwenini akicheka na kutaniana kwa Kiingereza. Walimu hufurahi, hutolewa katika darasa la lugha, na nafasi yake hupewa mgeni mwingine. Muhula unaofuata alama zake za historia huporomoka. Kwa kuwa “lugha aijua”, maelezo yanayobaki ni mawili tu, uvivu au uzito wa akili, na yote mawili huandikwa katika ripoti inayokwenda kwa mzazi na baadaye kwa chuo kikuu.

Wakosoaji walimshutumu Cummins. Carole Edelsky na wenzake (1983) walisema kwamba alichokiita lugha ya kitaaluma ni ujuzi wa kufanya mitihani tu, na kwamba kuutukuza ni kuwadharau watoto ambao lugha yao ni tajiri kwa namna nyingine. Shutuma hiyo ina uzito. Mzee wa Pate asiyejua kusoma huweza kuwa na Kiswahili kinachomshinda profesa, na hakuna mtu wa idara hii atakayekubali kwamba lugha ya insha ni bora kuliko lugha ya utenzi. Lakini shutuma hiyo haiondoi tatizo. Shule humpima kijana kwa sajili fulani. Akiwa hakufundishwa sajili hiyo, atahukumiwa nayo vivyo hivyo.

Sajili yenyewe yaweza kuelezwa kisarufi, na mifano ya Kiswahili yatosha kuonyesha. Linganisha sentensi hizi mbili:

(a) Mfalme aliongeza kodi, wakulima wakakasirika, kwa hiyo wakaasi.

(b) Ongezeko la kodi lilisababisha hasira miongoni mwa wakulima na hatimaye uasi.

Habari ni moja, sarufi ni mbili. Katika (a) matendo ni vitenzi, watendaji wapo, na uhusiano wa sababu umebebwa na kiunganishi. Katika (b) matendo yamegeuka nomino, mfalme ametoweka kabisa, na sababu imehamia ndani ya kitenzi “lilisababisha”. M. A. K. Halliday aliuita ugeuzaji huu sitiari ya kisarufi katika kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza cha mwaka 1985. Vitabu vya historia na sayansi vimejaa sentensi za aina ya (b). Mwanafunzi anayeisema (a) kwa ufasaha huweza kuisoma (b) mara tatu asitambue kwamba ni hadithi ile ile; seuze kuiandika.

Kwa Kiingereza mzigo ni mkubwa zaidi kwa sababu ya historia ya lugha hiyo. Kiswahili hunyambua kwa uwazi: anayejua “asi” hulisikia ndani ya “uasi” na “mwasi”, anayejua “mfalme” hufika bila taabu kwenye “ufalme” na “kifalme”. Kiingereza huacha neno la nyumbani na kuazima la Kilatini au Kifaransa. Mfalme ni “king”, lakini cha kifalme ni “royal”. Kuona ni “see”, lakini uwezo wa kuona ni “vision”. Jicho ni “eye”, lakini cha jicho ni “ocular”. Mtoto aliyejifunza maneno ya nyumbani hana kamba ya kumvuta hadi kwenye maneno ya darasani. Jambo hili laeleza tofauti inayowashangaza walimu wengi. Kijana Mkongomani kutoka Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa huweza kuwa mzito bwenini na mwepesi katika kitabu cha historia, kwani “royal” na “vision” amekwisha kukutana nayo. Kijana mwingine mwenye Kiswahili hicho hicho, lakini asiye na Kifaransa, huwa kinyume chake.

Msamiati huu umehesabiwa. Michael West alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2000 ya Kiingereza cha jumla, iliyokuwa mkononi mwa walimu wengi wa makoloni. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya pili juu ya hiyo: jamii 570 za maneno yanayorudiarudia katika maandishi ya taaluma mbalimbali, ambayo pamoja hufanya kiasi cha asilimia 10 ya maandishi hayo. Ni maneno ya namna ya kudhania, kubainisha, kutegemea na kudokeza. Mwalimu wa biolojia hayafundishi kwa kuwa si istilahi za biolojia. Mwalimu wa Kiingereza hayafundishi kwa kuwa hayamo katika riwaya anayoisomesha. Yamekuwa mayatima. Tena yapo maneno ambayo mwanafunzi adhani ayajua. Neno “volume” amelijua kama sauti ya redio. Katika maktaba ni juzuu, na katika fizikia ni ujazo. “Root” ni mzizi wa mti mpaka afike kwenye hisabati, ambako Kiswahili kimemwekea neno mbali, “kipeuo”, ilhali Kiingereza kimemwachia lile lile.

Meza ya Harkness

Mwaka 1930 tajiri Edward Harkness aliipa shule ya Exeter fedha nyingi ili ibadili namna ya kufundisha. Madawati yaliyopangwa safu yaliondolewa, ikaletwa meza kubwa ya umbo la yai, na kuizunguka wanafunzi kama kumi na wawili pamoja na mwalimu wao. Mwalimu hahutubii. Wanafunzi wamesoma usiku uliotangulia. Asubuhi wanajadiliana wao kwa wao, naye huingia pale tu panapohitajika. Mtindo huo umeenea katika shule nyingi za matayarisho na kuwa fahari yao. Kwa mwanafunzi mgeni ndio mtihani mgumu kuliko yote, kwa sababu hapo lugha ya kitaaluma yatakiwa kwa mwendo wa lugha ya mazungumzo.

Ugumu wa kwanza ni wa wakati. Mary Budd Rowe alipima madarasa ya sayansi ya Marekani na kueleza mwaka 1974 kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri jibu kwa sekunde moja hivi. Akijizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanafunzi waliokuwa kimya huanza kusema. Hao walikuwa watoto waliokuwa wakisoma kwa Kiingereza siku zote. Anayesikia kwa lugha moja, kupima kwa nyingine na kurudi kwenye ya kwanza hana sekunde moja ya kutosha. Anapokuwa tayari, mazungumzo yamekwisha kuhama. Atanyamaza, na ukimya wake utasomwa kuwa hakujitayarisha.

Ugumu wa pili ni wa adabu. Kila jamii ina kanuni za kupokezana maneno. Barazani kuna mwenye kikao, kuna kuomba nafasi, kuna kuanza kwa kumwunga mkono aliyetangulia hata kama nia ni kumpinga. Meza ya Harkness haina mwenyekiti. Nafasi haipewi, hutwaliwa, na hutwaliwa kwa vitamkwa vidogo ambavyo hakuna kitabu cha sarufi kinachovifundisha: namna ya kudandia mwisho wa sentensi ya mwenzio, namna ya kupinga wazo bila kumpinga mtu. Mwanafunzi asiyejua hayo huwa ama kimya ama, anapojitia moyo, mkali kupita alivyokusudia. Kinyume chake pia hutokea. Mwenye Kiswahili humwambia “sorry” mwenzake aliyejikwaa, akimaanisha “pole”. Mmarekani humshangaa mtu anayeomba radhi kwa kosa asilolitenda.

Dawa za hali hii ni nyepesi kuliko nadharia yake, na shule zenye busara zimekwisha kuzitumia. Swali la kesho hutolewa leo, ili mgeni aje na sentensi yake ya kwanza akiwa ameiandika. Dakika chache za mwanzo wanafunzi huzungumza wawili wawili, na wazo lililokwisha kujaribiwa kwa jirani huwa jepesi kulileta mbele ya kumi na wawili. Mmoja hupewa kazi ya kurejea hoja zilizotolewa kabla mjadala haujasonga mbele, na kurejea huko humpa kila msikilizaji, mgeni na mwenyeji, nafasi ya kuvuta pumzi. Walimu wengine huchora ramani ya mjadala: mviringo wa meza na mistari kutoka kwa msemaji hadi msemaji. Ramani hiyo ikiwekwa mbele ya wanafunzi wenyewe, wale wanne waliohodhi mazungumzo hujiona bila kuambiwa.

Namna za kusaidia

Kwa jumla msaada hutolewa kwa njia tatu. Ya kwanza na kongwe ni kumtoa mwanafunzi katika darasa la kawaida na kumfundisha Kiingereza pembeni. Ya pili ni kumwekea darasa lake la historia au sayansi ambamo lugha imepunguzwa uzito bila kupunguza somo. Ya tatu ni mwalimu wa lugha kuingia darasani pamoja na mwalimu wa somo.

Njia ya kwanza yafaa kwa anayeanza kabisa. Ikiendelea kupita mwaka mmoja huleta madhara mawili: mwanafunzi hukosa somo lile ambalo ndilo lenye lugha anayoihitaji, na hufundishwa sarufi isiyohusiana na kazi yoyote aliyopewa. Huweza kumaliza mazoezi yote ya kauli ya kutendwa asijue kwa nini mwandishi wa ripoti ya maabara aliitumia. Njia ya pili ni nzuri pale tu mwalimu anapokumbuka kwamba lugha iliyopunguzwa uzito haina budi kuongezwa tena polepole; vinginevyo kijana huzoea maji ya kina kifupi. Ya tatu ndiyo bora, na ndiyo ghali, kwa kuwa yataka walimu wawili, na yataka mwalimu wa fizikia akubali kwamba naye ni mwalimu wa lugha. Wengi hawakubali. Hoja yao, kwamba hawakusomea kazi hiyo, ni ya kweli, lakini jibu lake ni kuwasomesha.

Kazi ya mwalimu wa lugha ndani ya darasa la somo yafanana na jukwaa la waashi, mfano uliotolewa na David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross mwaka 1976: hujengwa kwa ajili ya ukuta, hupandishwa kadiri ukuta unavyopanda, na huondolewa. Walimu wa Sydney katika miaka ya 1980 waliligeuza wazo la namna hiyo kuwa utaratibu wa kufundisha uandishi. Kwanza darasa husoma pamoja kielelezo cha maandishi yanayotakiwa na kukichambua: sababu imewekwa wapi, mtendaji amekwenda wapi, kila aya imefunguliwaje. Kisha mwalimu na wanafunzi huandika pamoja ubaoni. Mwisho kila mmoja huandika peke yake. Katika hatua ya pili ndipo sentensi ya namna ya (a) hugeuzwa kuwa (b) mbele ya macho ya wote, na fumbo huwa si fumbo tena. Jambo la kutazamwa ni kwamba wenyeji nao hufaidika. Sajili hii si lugha ya nyumbani ya mtu yeyote. Mtoto wa Boston ameitangulia tu safari.

Kuhusu kusahihisha, tangu S. Pit Corder alipoandika mwaka 1967 kwamba makosa ni dalili ya mfumo unaojengwa, hakuna udhuru wa kulijaza karatasi wino mwekundu. Makosa hayalingani. Kukosa “the” humkera msomaji lakini hakuvunji maana; kuweka kiunganishi cha hitilafu mahali pa kiunganishi cha sababu huipindua hoja nzima. Hata hivyo walimu wengi huanza na “the”, kwa kuwa ndilo kosa wanaloliona upesi.

Lugha aliyokuja nayo

Zipo shule zinazoamuru Kiingereza peke yake, hata bwenini usiku. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa hali hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa enzi yake walivyovishwa kibao cha aibu kwa kosa la kusema Gĩkũyũ, na vizazi vilivyofuata vimekijua kidude hicho kwa majina mengine. Katika shule ya kitajiri adhabu hupewa sura ya upole, lakini dhana ni ile ile: kwamba lugha mbili hugombania chumba kimoja kichwani, na ya kwanza ikitolewa ya pili itapata nafasi. Dhana hiyo haina ushahidi. Katika mradi wa Ife huko Nigeria, ulioanza mwaka 1970 chini ya Babs Fafunwa, watoto waliosomeshwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi hawakuwa nyuma ya wenzao katika Kiingereza. Aliyekwisha kuielewa sitiari ya kisarufi katika Kikorea au Kiswahili hahitaji kuielewa upya. Ahitaji maneno yake tu. Kwa hiyo wanafunzi wawili wa Kichina wanaobishana kwa Kichina juu ya tatizo la kemia, kisha wakaliandika kwa Kiingereza, wanafanya kazi, wala hawakwepi.

Mwalimu asiyejua lugha ya mwanafunzi aweza hata hivyo kuijua sura yake. Kiswahili hakina kibainishi cha namna ya “a” na “the”. Kichina na Kikorea pia hazina. Kiambishi “a-” hakitofautishi mwanamume na mwanamke, kama vile Kichina cha kusemwa kisivyotofautisha, na ndiyo sababu mwanafunzi wa Mombasa na yule wa Beijing humwita mama “he” kwa sababu moja. Kiambishi tamati “-ni” hufanya kazi ya vihusishi vitatu vya Kiingereza: kitabu kiko mezani, watu wamekaa mezani, mtoto yumo chumbani. Na “-me-” humwongoza msemaji kusema “he has slept” juu ya mtu ambaye bado amelala fofofo. Ukurasa mmoja wa maelezo kama haya kwa kila lugha, uliotungwa na wataalamu wa lugha hizo, ungemwokolea mwalimu miezi ya kubahatisha. Kazi hiyo kwa upande wa Kiswahili na lugha nyingine za Kenya ni ya idara za Afrika, si ya New Hampshire.

Mkenya mwenyewe huleta swali la peke yake. Amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne au kabla, huenda hata baba na mama huzungumza naye Kiingereza, lakini anapofika huwekwa katika darasa la wageni pamoja na wasiojua kuagiza chai. Yeye huliona kuwa tusi, na mara nyingi ni tusi kweli, kwa kuwa kilichopimwa ni lafudhi. Lakini lipo kosa la upande wa pili: kumwacha kabisa kwa sababu anasema vizuri, wakati hajawahi kuandika insha ya kutetea hoja yake mwenyewe dhidi ya kitabu. Huyu hahitaji sarufi hata kidogo. Ahitaji sajili, na katika shule nyingi hakuna mlango wa kuipata ila ule wenye jina la msaada wa Kiingereza.

Linabaki suala la muda. Virginia Collier alichapisha mwaka 1987 uchunguzi wake juu ya watoto wageni wa familia zenye uwezo katika shule za Marekani. Waliofika wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 11 ndio waliowafikia wenzao upesi zaidi. Waliofika wakiwa na miaka 12 hadi 15 ndio waliochelewa, na ilikadiriwa kwamba wangehitaji miaka sita hadi minane. Sababu haikuwa upungufu wa akili wala wa fedha, bali kwamba katika umri huo masomo yenyewe hayamsubiri mtu. Kijana anayeingia shule ya matayarisho akiwa na miaka 14 ana miaka minne. Wengi huingia wakiwa na 15 au 16. Atahitimu akiwa njiani. Vyuo vikuu vingi vya Marekani humsamehe mtihani wa Kiingereza wa wageni, ule ulioanza kutolewa mwaka 1964, akiwa amesoma sekondari ya huko kwa miaka mitatu au minne, nao huchukulia msamaha huo kuwa cheti cha kwamba safari imekwisha. Hivyo kijana huingia mwaka wa kwanza wa chuo bila jina lake kuwa katika orodha yoyote ya wanaohitaji msaada, na mhadhiri atakayesoma insha yake ya kwanza hatakuwa na habari kwamba mwandishi wake bado ana miaka miwili au mitatu ya kujifunza.